Marehemu Alimtazama Nani

Odilo alikuwa amerekodi misiba ya watu wengine kwa miaka kumi na miwili kabla hajaamua kumwua mke wake kwenye filamu.

Hakusomea kazi hiyo popote. Kamera alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu harusi tatu za mwanzo na kwenda kuomba radhi nyumba hadi nyumba, na tangu hapo akawa mtu wa daftari: mwanga ulitoka wapi, bibi harusi aliingilia mlango upi, kosa lilikuwa nini. Chumba chake cha kazi kilikuwa Lyamkena, Makambako, ukuta kwa ukuta na saluni, na watu wa pale walimjua kwa mambo mawili. Hapazi sauti, na haharakishwi. Mtu akisengenywa mbele yake, yeye huuliza tu, "Ulikuwepo?" Mazungumzo yanafia hapo.

Katika misiba yote ile aliona jambo moja likijirudia. Mwenye shughuli, yule ambaye watu wamesafiri kutoka Ilembula na Makete kwa ajili yake, ndiye peke yake asiyesemeshwa. Wanamlia, wanamsimulia, wanamsifu hata kwa mema ambayo hakuyatenda, ila hakuna anayemwambia karibu. Siku moja, akiwa amesimama makaburini na kamera begani, Odilo akajiuliza: je, na marehemu mwenyewe akiwa hajui kwamba amekufa?

Filamu ikaanzia hapo. Akaiita *Hodi Tatu*. Mwanamke anaamka asubuhi, anatoka nje, anakuta turubai limefungwa uani kwake na watu wamekaa. Anawasalimia, kimya. Anapiga hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuna anayeitikia. Anadhani wamemnunia. Anazunguka kwa mmoja mmoja akiuliza amekosa nini, mpaka anapofika kwenye jeneza na kuikuta picha yake imeegemezwa pale, imefungwa utepe mweusi.

Marehemu akawa Scola, mkewe na mama wa mtoto wao Praygod, kwa sababu alikuwa na uso usiohitaji kuelekezwa, na kwa sababu hakuna mwanamke mwingine Lyamkena aliyekubali picha yake ifungwe utepe mweusi. Mume wa marehemu akawa Rodrick, mwenye duka la misumari na mabati, mtu mnene mwenye sauti nzito. Judith, mdogo wake Odilo, alipewa kamera ya pili, ambayo ilikuwa simu yake mwenyewe.

"Sasa, Bwana Odilo," Rodrick aliuliza siku ya kwanza, "filamu ya mzimu, mbona sioni mzimu?"

"Si huyo hapo."

"Huyu Mama Praygod? Hana hata unga usoni! Weka macho mekundu, weka kucha. Watu watalala!"

"Kazi ya kutisha haiko kwake," Odilo akasema. "Iko kwenu. Msimtazame."

Ndiyo ilikuwa kanuni, na hapakuwa na nyingine. Scola atapita kati yao, atawagusa mabega, atalia mbele yao; atakayemtazama ameharibu. Walifanya mazoezi kwa miezi miwili. Mwanzoni walikuwa wanacheka, macho yakiwatoroka. Baadaye wakazoea, wakazoea kupita kiasi. Judith alipishana na wifi yake bombani asimsalimie. Rodrick aliombwa njia na Scola mara mbili dukani kwake mwenyewe ndipo akashtuka. "Nisamehe, shemeji, nilidhani tuko kazini," akasema, na Scola akacheka, ila alipofika nyumbani alikaa muda mrefu bila kuvua kitenge alichojifunika.

Odilo peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumtazama. Alimtazama kupitia kioo cha kamera, na alichomwambia kilikuwa kilekile kila siku: "Sogea kushoto kidogo."

*

Siku ya kurekodi msiba ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, upepo wa Makambako ukikata masikio. Odilo alikuwa ameandika kwenye daftari kila aliyepaswa kuarifiwa. Mwenyekiti wa mtaa alipelekewa barua. Balozi aliambiwa kwa mdomo. Fundi seremala alitoa jeneza tupu la kuazima. Majirani waliombwa waje na makoti yao kama wanavyokwenda msibani. Kila jina lilikuwa na alama ya vema mbele yake.

Jumuiya aliisahau.

Saa nne asubuhi, watu wakiwa wamekaa na spika ikiimba nyimbo za kwaya, wanawake ishirini wa jumuiya yao ya kanisa waliingia uani kwa mstari, rozari mikononi, wengine na kuni kichwani, wengine na unga kwenye ndoo. Mbele alikuwa Mama Telesia, mwenyekiti wao, tayari machozi yanamtoka.

"Ee Scola wetu! Ee binti yetu! Juzi tu tulikuwa naye!"

Scola alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni anakula kiazi.

"Mama," akasema, "shikamoo."

Ndoo ya unga ikaanguka. Wawili walikimbia, mmoja alipiga magoti. Ilichukua muda kuwaeleza, na Odilo alieleza mwenyewe, taratibu, kofia mkononi.

"Odilo, mwanangu," Mama Telesia akasema alipopata pumzi, "mwenyekiti wa mtaa umempa barua. Sisi ambao ndio tungemwosha mkeo, hukutupa hata ujumbe?"

"Nimekosa, mama."

"Umekosa. Na unga je?"

"Mchukue tu, mama, mrudi nao."

Wanawake wote walimgeukia kama mtu aliyetukana. "Unga wa msiba urudi nyumbani?" Mama Telesia akauliza. "Ukamfuate nani? Hapana. Tumeleta, utapikwa hapahapa, utaliwa hapahapa. Na sisi tutakaa. Tuambie tu tulie wapi."

Basi wakakaa, na hakuna filamu iliyowahi kupata waombolezaji wa namna ile. Walijua wimbo gani unafuata upi, walijua kulia kwa zamu. Odilo aliwaza kwamba kosa lake limemzalia baraka. Hakujua kwamba Judith, tangu asubuhi, alikuwa ameshaipiga ile picha ya utepe mweusi akaiweka kwenye simu yake, watu wote wa namba zake waione, na chini yake akaandika: *Tukutane msibani Lyamkena, kwenye filamu yetu.* Alikuwa akijivunia filamu. Picha ilitoka mkono hadi mkono, na neno filamu likabaki njiani.

Mchana ule walikuwa kwenye kipande ambacho marehemu anapita katikati ya viti kuelekea kwenye jeneza. Odilo alimfuata Scola kwa nyuma, kamera begani, akiuchukua mgongo wake. Judith alikaa mbele, kwenye viti vya wanaume, simu mkononi, akiuchukua uso wake anavyokuja.

Hapo ndipo alipoingia mtu mrefu mwenye koti la mvua la kijani na buti zenye udongo mwekundu, kana kwamba amelitupa jembe akaja. Siku ile uani palikuwa na watu wengi wasiojulikana, hakuna aliyemwuliza. Alikaa kiti cha pembeni, karibu na Judith, akafunika uso kwa viganja viwili, akalia.

Rodrick, mume wa marehemu, tangu asubuhi alikuwa analia kwa kitunguu. Mtu huyu alilia kama anayetapika, bila kutaka, mwili wote ukimsaidia. Odilo akajiuliza Judith amemtoa wapi mwigizaji huyu, akavuta kamera ikamfikia juu ya bega la Scola.

Mtu akainua uso.

Uani palikuwa na watu zaidi ya themanini, na wote hawakumtazama Scola. Huyu alimtazama. Hakupiga kelele. Alinyanyuka nusu, mkono mmoja umeshika kiti cha mbele yake, na usoni pake vikapita vitu ambavyo Odilo hakuwa na majina yake: woga, halafu furaha, halafu woga wa ile furaha. Scola alisimama. Kwa nyuma, Odilo aliona tu mabega ya mkewe yakishuka polepole, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Baadaye alizihesabu. Zilikuwa sekunde kumi na moja.

"Kata!" Rodrick akabweka. "Kata, kata! Huyu jamaa anamtazama!"

Watu wakapasuka kicheko. Yule mtu hakucheka.

"Scola," akasema. "Uko hai?"

"Niko hai, Stanley. Ni filamu."

"Pole sana, ndugu yangu!" Rodrick akampiga mgongoni. "Umetapeliwa machozi!"

Mama Telesia alimletea maji, akamwambia akae ale. Hakula. Alicheka kidogo, kwa kuchelewa, akajifuta kwa mkono wa koti, akasema gari la kurudi Njombe litamwacha. Akipita alimpa Odilo mkono.

"Wewe ndiye mume?"

"Ndiye mimi."

"Nilipofika nilikutafuta nikupe pole. Wakanionyesha yule," akasema, akimwelekezea kidole Rodrick na kitunguu chake. "Hongera kwa kazi."

*

Odilo alijijua kuwa si mtu wa wivu. Mke wake aliigiza miezi miwili na Rodrick kama mume na mke, na hakuwahi kulifikiria mara mbili. Kwa hiyo jioni ile, Scola alipokuwa anamenya viazi, alishangaa kuisikia sauti yake imekauka.

"Yule ni nani?"

"Stanley. Tuliimba wote kwaya Njombe, nilipokuwa najifunza cherehani."

"Basi?"

"Basi."

"Mtu hatoki Njombe na buti za shamba kwa sababu ya kwaya, Mama Praygod."

"Na mimi ndivyo nilivyofikiri," Scola akasema, na kisu kikasimama. "Hajawahi kuniambia neno, Baba Praygod. Hata moja. Nimejua leo, saa ileile uliyojua wewe."

"Na angesema, wakati ule?"

"Unaniuliza jambo ambalo halikutokea."

"Nauliza."

Scola alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitia kwenye maji. "Basi sijui," akasema.

Angesema hapana, yangeisha. Angedanganya, Odilo angeushika ule uongo akalala nao. Lakini "sijui" ni neno lisilo na mpini. Lilimzunguka kichwani siku nzima akiwa kazini, lilimfuata hadi Mahongole alikokwenda kurekodi ubarikio wa vijana kanisani. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alichukua simu ya mkewe, akaipekua kwa utaratibu, jina kwa jina, tangu A. Stanley hakuwemo. Kutokukuta kitu kulimuuma kuliko kukuta. Barua ingekuwa na tarehe, mtu angeweza kuikasirikia. Hapa hapakuwa na kosa la mtu yeyote. Palikuwa na sekunde kumi na moja, na yeye ndiye aliyezirekodi.

Alizitazama. Alizitazama polepole, alizisimamisha, alizirudisha nyuma. Alijua kikazi kwamba hajawahi kupata kipande kizuri kama kile na huenda asipate tena: mtu mzima akiuona mzimu anaoupenda. Na alijiuliza, kwa vile alipenda kupima mambo, kama siku ile lile jeneza lingekuwa na mtu, uso wake yeye ungefika pale. Alimkumbuka mama yake alivyozikwa. Siku ile pia alikuwa na kamera begani.

Mwezi wa saba aliwaita wote waione filamu ilipofikia. Kile kipande hakikuwemo.

"Yule bwana wa koti la kijani yuko wapi?" Rodrick akauliza. "Odilo, ile ndiyo filamu yenyewe! Mimi na kitunguu changu nimeshajikubali."

"Kadi iliharibika," Odilo akasema.

Watu walisikitika, wakamwamini, kwa sababu Odilo hakuwa msemaji wa uongo. Scola alikuwa anakusanya vikombe. Hakuinua macho. Walipoondoka, alivipanga vyote kwenye sinia kwanza.

"Kadi haijaharibika. Nimekitazama jana, ulipokwenda mjini."

Odilo aligeuka. "Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Unamtazama."

"Simtazami yeye." Scola alikaa, vidole vimeshikana. "Natazama ninavyotazamwa. Miezi miwili, ninyi wote mmenipita kama nguzo. Najua ilikuwa kanuni. Lakini kanuni nayo inaingia mwilini. Nilikuwa naamka asubuhi najigusa uso. Na wewe ukinitazama, ni nisogee kushoto. Halafu akaingia mtu mmoja ambaye hakuambiwa kanuni."

"Mimi nilikuwa kazini, Scola."

"Najua. Sijakulaumu." Kisha akaongeza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Alikuwa ananililia. Wewe ulikuwa unarekodi. Ni hilo tu. Si dhambi ya mtu."

*

Ukumbi mmoja wa Njombe ulikuwa umekubali kuionyesha filamu Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Odilo, ambaye hakuwahi kumweka mtu kwenye filamu bila ridhaa yake, alijiambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kwenda Njombe kumtafuta Stanley. Alimkuta kwenye kitalu cha miche ya parachichi, anaunganisha vikonyo kwenye miche, ukungu umelala juu ya vilima vya chai.

"Kamwene," Odilo akasalimia.

"Kamwene." Stanley alimjua mara moja, akaufunga mche aliokuwa nao kabla ya kunyoosha mkono. Hakuwa mtu mbaya. Hilo nalo lilimkera Odilo. Alikuwa amekuja na nafasi ya mtu mbaya, na sasa hakuwa na wa kumweka.

Alieleza alichokuja kuomba. Stanley alisikiliza hadi mwisho.

"Hapana," akasema. "Naomba ukikate kile kipande. Mke wangu, Hilda, nilimwambia tulidanganywa, kumbe ni filamu. Alicheka sana. Sikumwambia kwamba nililia. Mtu halii vile kwa mwanakwaya mwenzake, bwana. Hilda akiuona ule uso wangu, hataniuliza kitu. Ataelewa, halafu atanyamaza, na mimi nitaishi humo."

"Ulimpenda?"

Stanley alikata kwa meno utepe wa kufungia mche. "Nilikuwa nangoja nipate kazi ya kudumu ndipo niseme. Wiki niliyoipata, nikapata na kadi ya harusi yenu." Alitabasamu kidogo. "Nilikuja. Nilikaa nyuma, nikashindwa hata kukutazama usoni. Wewe hukunijua."

Odilo aliitafuta siku ile kichwani, harusi yake mwenyewe, na hakumwona.

"Kwa hiyo utakikata?" Stanley akauliza.

"Nitaona," Odilo akasema.

Njia nzima ya kurudi aliionja ile "nitaona" mdomoni. Ilikuwa tamu. Kwa miezi miwili yeye ndiye aliyebeba, na sasa palikuwa na mtu mwingine ambaye angelala vibaya hadi mwisho wa mwezi wa nane. Kichwani alimwona Hilda, mwanamke asiyemjua, amekaa ukumbini, na ule uso unajaa ukuta mzima. Aone na yeye. Kwa nini niwe peke yangu ninayejua? Alishtuka kujiona anatabasamu kwenye kioo cha dirisha.

Kesho yake aliketi kutengeneza filamu mbili. Ya kwanza ilikuwa na Stanley. Ya pili ilikuwa na pengo, na katika kutafuta cha kuliziba ndipo alipoifungua, kwa mara ya kwanza, video ya simu ya Judith. Tangu mwezi wa sita hakuigusa. Alijiambia ni kwa sababu ya mwanga mbaya.

Mwanga ulikuwa mzuri. Judith alikuwa amekaa bega kwa bega na Stanley, na Scola alikuwa anakuja moja kwa moja. Kwanza ulikuwa uso wa marehemu, uliochoka kuuliza. Halafu ukasimama. Halafu, taratibu, kitu kikaanza kurudi ndani yake, tangu kwenye macho kikashuka mdomoni, kama nyumba inayofunguliwa dirisha moja moja. Ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa jina lake baada ya muda mrefu.

Miaka minane ya ndoa, na Odilo hakuwahi kuuona.

Wivu wa kwanza, ule wa machozi ya mwanamume mwingine, ulikuwa mchezo wa watoto mbele ya huu. Alizima kompyuta, akatoka, akasimama nyuma ya saluni akitazama nywele zilizofagiliwa. Akarudi akawasha. Na lile jicho lake la kazi, ambalo halikuwahi kumhurumia, likamwambia ukweli: ukiwaonyesha Stanley, watu watamwonea huruma Stanley. Ukiwaonyesha huyu, bila kuwaonyesha anachokiona, hakuna atakayepumua.

*

Siku ya Njombe ilikuwa baridi, na watu walikuja ukumbini na makoti na mablanketi. Madirisha yalizibwa kwa maturubai ili mchana ugeuke giza. Odilo alikuwa na kifaa kimoja mkononi, filamu mbili ndani yake.

"Umeweka ipi?" Scola akauliza. Alijua ziko mbili, alikuwa ameziona.

"Utaona."

"Baba Praygod."

"Utaona, Scola."

Stanley aliingia, na pembeni yake mwanamke mfupi mchangamfu aliyekumbatia chupa ya chai. Hilda ndiye aliyetaka kuja. Alikuwa anawaambia walio karibu naye kwa sauti kwamba mumewe alikwenda kuzika mtu mzima wa afya. Stanley alimtazama Odilo kutoka ng'ambo ya ukumbi. Hakumwomba tena. Alimtazama tu, kisha akaketi.

Kidole cha Odilo kilikaa juu ya ile ya kwanza kwa muda ambao fundi wa ukumbi aliuona mrefu. Halafu kikashuka kwenye ya pili. Hata yeye mwenyewe asingeweza kuapa ni kwa nini. Huenda alimhurumia yule mwanamke na chai yake. Huenda hakuweza kuvumilia Njombe nzima imwone mwanamume akimlilia Scola kama yeye, mumewe, alivyopaswa kumlilia. Huenda ilikuwa filamu bora tu.

Ilipofika pale, Scola alishika ukingo wa benchi. Uso wake ukajaa ukuta. Ukumbi, uliokuwa unakohoa na kunong'ona tangu mwanzo, ukanyamaza. Marehemu alisimama katikati ya watu wasiomwona, na akaona kwamba anaonwa. Na ukumbi usijue na nani. Mwanamke mmoja mbele alimkamata jirani yake mkono. Mtu alisema, "Yesu wangu," kwa sauti ya chini kabisa. Odilo hakutazama ukutani. Alizijua zote kumi na moja.

Maturubai yalipofunguliwa watu walipiga makofi, halafu yakaja maswali. Mzee mmoja alitaka kujua kama jeneza lilirudishwa kwa fundi. Kijana akauliza kama kamera ni ya kutoka nje. Kisha Hilda akasimama.

"Kamweneee! Mimi naitwa Hilda. Huyu mume wangu hapa ndiye yule aliyekuja kwenye msiba wenu akadanganyika!" Ukumbi ukacheka, na Stanley akainamisha kichwa. "Sasa mimi nina swali kwa marehemu mwenyewe. Pale unaposimama, dada, uso unabadilika, mimi vinyweleo vimenisimama hadi sasa. Pale ulikuwa unamtazama nani?"

Kipaza sauti kilipelekwa kwa Scola. Alisimama nacho. Stanley alikuwa anasoma sakafu. Odilo aliutazama mdomo wa mkewe.

"Nilikuwa namtazama mume wangu," Scola akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamera."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu alipiga benchi. Hilda alicheka akageuka kwa wote, mikono imefunguka.

"Nilijua!" akasema. "Nilijua tu! Uso ule hauigizwi!"

Judith, aliyekaa mwisho wa benchi lao, aligeuka akamtazama kaka yake mara moja, kisha akaanza kuifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Odilo siku ile alikuwa nyuma, kwenye mgongo wa Scola; uso ule ulichukuliwa na simu ya Judith. Watu watatu ukumbini walilijua hilo pamoja naye, na hakuna aliyekuwa anamtazama sasa.

Scola alimpa kipaza sauti. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na vilibaki juu ya vya Odilo kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Ukumbi ulikuwa unamngoja mume aseme.

"Ni kweli," Odilo akasema. "Kuna swali jingine?"